Wimbo Si wa Nyumba Yetu

Bismillahi.

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Hujambo baba? Kifua chako kikoje na hiyo baridi, na chakula cha watu wa huko kinapita kooni? Najiona mjinga kukuuliza haya, maana ninapoandika bado uko hapa barazani, hatua kumi kutoka mkekani kwangu, kinyozi anakunyoa, nawe unamsihi asikutie upara ukafika Amerika umefanana na mtoto wa chuo cha Kurani. Lakini barua hii naificha ndani ya kikoi chako cha kijani, na kikoi hicho hutakikunjua mpaka ufike. Basi salamu zangu ni za mtu aliyefika. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Baba'ko anajifanya anahesabu mizigo, na mizigo yenyewe ni sanduku moja.

Uniwie radhi mwandiko. Herufi hizi umenifundisha mwenyewe, jikoni, kwa mkaa juu ya sakafu, na nilikuwa mwanafunzi mbishi. Kwa herufi za Kiarabu za chuoni ningeandika haraka zaidi, lakini nataka usome bila kukwama hata mahali pamoja.

Ya sweta na soksi amekwisha kukwambia baba'ko. Ya sala sina wasiwasi nawe. Ya wanawake wa huko wamekwambia shangazi zako mpaka ukaona haya. Mimi nina jambo jingine, na nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa kwenye feri tukitoka kununua sanduku; nikafungua kinywa, ukaja yule rafiki yako wa Changamwe. Mara ya pili ulikuwa ukila. Mara ya tatu, jana, hapakuwa na mtu wala chakula. Niliogopa tu.

Jambo lenyewe ni hili. Ule wimbo uliowaandikia watu wa koleji, ukawaambia ni wa nyumba ya mama yako tangu vizazi saba, nao wakakujibu kwamba siku ya kuwakaribisha wageni watafurahi ukisimama uwaimbie na kuwaeleza asili yake: wimbo ule si wa nyumba yetu. Hukusema uongo. Uongo ni wangu, wewe ulipewa ukaubeba. Nami sitaki usimame mbele ya watu wa nchi nyingine ukawasomee uongo wangu kwa Kiingereza kizuri.

Unamkumbuka Bi Majuma? Ulipokuwa mdogo ukimwita Bi Pembe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitunza zile pembe za nyati tunazopiga kwenye ngoma ya vugo tukimsindikiza bibi harusi. Alizipaka mafuta ya nazi, akazifunga kwa kitambaa, akazilaza chini ya kitanda kama watoto. Alikuwa akipika na kufua nyumbani kwa bibi yangu, kabla sijazaliwa. Mama yake aliletwa pwani angali mtoto, kutoka bara ya mbali huko Nyasa, akanunuliwa na baba wa bibi yangu. Hilo hukuambiwa kwa sababu kwetu halisemwi. Tukisema tulisema, "Bi Majuma ni mtu wa nyumbani," na kila mkubwa akafahamu, na kila mtoto akadhani ni jamaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga pembe. Si mama, si bibi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, nimekaa naye uani akifua, akachukua vijiti viwili akanipa kimoja, tukapiga ubavuni mwa beseni. Mimi nikawa napiga pamoja naye, pa, pa, pa, kama askari. Akacheka mpaka povu likamwingia machoni. "Mwana weye, umetumwa dukani? Mwache huyo mwenzio atangulie. Wewe mfuate polepole, kama mtu aliyebeba kitu kizito. Usikose kufika, lakini usifike naye." Siku nyingi zikapita kabla mkono wangu haujalifahamu neno hilo. Ulipofahamu, haukusahau tena. Hata nikichekecha unga leo, mkono wafanya hivyo.

Na wimbo alinipa yeye, ubeti kwa ubeti. Ule unaoanza:

Nitue mwenza nitue,
mlangoni nimefika.
Shingo yangu yaniuma,
chini nipate kuweka.

Sisi tukauchukua tukauimba bibi harusi anapofikishwa mlangoni kwa mumewe. Shingo inayouma tukasema ni ya bibi harusi, kwa uzito wa mikufu. Watu wakaupenda Likoni yote. Wakaja kutuazima hata kutoka mjini. Ubeti wa mwisho, ambao haukufaa harusi, tuliukata. Nasema tuliukata, niliukata mimi. Bi Majuma aliuimba mara moja tu mbele ya kundi letu la vugo, wanawake wakatazamana, nami nikasema, "Huo tuuache, utamliza bibi harusi." Akauacha.

Sasa nakuja penye aibu yangu. Mwaka ule wewe ulipoanguka ukavunjika mkono, walikuja watu wa redio na mashine yao, tukakusanyika kwa Bi Mwanaisha, kiongozi wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulijipamba kana kwamba redio ina macho. Tukaimba. Yule kijana wa redio, mstaarabu, mtoto wa watu, akafungua daftari akauliza, "Na wimbo huu wa nani, mama zangu? Nani kautunga?"

Bi Mwanaisha akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyeuleta kundini. Bi Majuma alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango, anafuta pembe. Hakuinua uso, lakini kitambaa kilisimama. Nakuapia, Salim, nakiona kile kitambaa mpaka leo kilivyosimama juu ya pembe.

Nikasema, "Ni wa nyumba yetu. Tangu mabibi zetu."

Kitambaa kikaanza tena kwenda.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza hata kwenye msala. Nilijiambia namsitiri, kwamba kumtaja mwanamke redioni, jina lake lisikike mikahawani kwa wanaume, ni kumvunjia heshima. Maneno mazuri. Lakini Bi Mwanaisha walimtaja, na mimi walinitaja, wala sikuona heshima yetu ikivunjika. Nilikaa karibu na redio ya jirani nikingoja nisikie jina langu. Ukweli ni kwamba sikutaka watu wajue kuwa kitu kile kizuri tulichojivunia sisi waungwana tulikitoa kwa mtoto wa mtumwa, beseni la nguo likiwa katikati yetu. Niliogopa watu watasema, kumbe hata hicho si chao.

Tulipokuwa tukitoka, Bi Majuma akanikabidhi kile kitambaa na pembe zote ndani yake. "Haya, mwenye wimbo," akasema, "pembe zako hizi hapa." Alikuwa akitabasamu. Mimi nikacheka, nikadhani ni mzaha, au nikajitia kudhani. Wiki ile akahamia Kisauni kwa mtoto wa dada yake. Nikasema amechoka, ni mzee. Nimempelekea nguo ya Idi kila mwaka kwa mkono wa watu. Kwa mguu wangu sikwenda.

Jambo hili lingekaa hivyo mpaka nizikwe nalo, lau hukumleta yule Bwana Joni, mpishi wa meli. Nilipomchungulia nilifikiri ni Mdigo wa huku kwetu, nikajiuliza mbona kavaa kofia ya ajabu, mpaka alipofungua kinywa kikatoka Kiingereza. Alikula samaki wa kupaka akaomba tena, nikampenda papo hapo. Kisha akatoa santuri yake, ukaitia kwenye gramafoni ya jirani yetu Shariff, nami nikakaa nyuma ya pazia na sinia la kahawa mapajani.

Nadhani unakumbuka, lakini wacha nikwambie nilivyosikia mimi. Ilikuwa sauti ya mwanamume na gitaa. Ukasema, "Mama, huyu ni Mzungu." Bwana Joni alilijua neno hilo, akacheka puani akasema kitu, ukatufasiria: "Anasema sauti ndiyo ya Mzungu. Wimbo ni wa mama yake mdogo."

Baba'ko akauliza, "Vipi wa mama yake mdogo?"

Ndipo akaeleza. Kwamba mama yake mdogo huko kusini ya Amerika ni mfuaji wa nguo za watu, na gitaa alilipiga tangu msichana, kanisani, mazikoni, jikoni kwake, na vijana wa kiume wakija kumtazama vidole. Akaja bwana mmoja msomi na mashine, akakaa jikoni, akala mkate wake, akamshukuru sana, akaenda zake. Miaka ikapita, wimbo ukatoka kwenye santuri, na kwenye karatasi yake ya katikati wameandika: wimbo wa kale, mwenyewe hajulikani.

Mimi nikashindwa kunyamaza, nikauliza kwa nyuma ya pazia, "Na huyo mama yuko hai?"

"Yuko hai," ukanifasiria. "Anafua mpaka leo. Anasema redio ikiupiga huwa anazidisha sabuni."

Mlicheka wote. Akaongeza kwamba si yeye peke yake. Kwamba huko kwao ukimshika mwanamume yeyote anayesifiwa kwa gitaa au banjo, ukambana vizuri, atakutajia mwanamke aliyemwanzisha: mama, nyanya, jirani wa kanisani, mwanamke aliyekuwa akipita njiani na gitaa mgongoni. Na nyimbo wanazosema ni za nchi nzima, za kila mtu, nyingi zilitoka kwa wanawake weusi waliokuwa wakibembeleza watoto wa wengine. Lakini ukigeuza santuri kuangalia jina, utaona mwanamume, au Mzungu, au neno hilo, wa kale.

Kisha akarudisha santuri mwanzo, na mkono wangu, bila ya kuutuma, ukaanza kupiga sinia. Bwana Joni akainua kidole. "Nani anapiga?" "Mama." Akasema, "Mwulize amejifunza wapi. Mama yangu mdogo kidole gumba chake hufanya hivyo hivyo. Kinachelewa, kinachelewa, halafu hicho, kimefika."

Ukaniuliza, "Mama, nani alikufundisha?"

Fikiri, Salim. Nimetoka kusikia kisa kile. Nimemhurumia mwanamke nisiyemjua, machozi yamenilenga. Na yule ninayemjua nikamfanyia mara ya pili yale yale. Nikasema, "Ni mambo ya kale. Ya nyumba yetu."

Naye Bwana Joni akasema, ukanifasiria kwa furaha: "Anasema mna bahati, nyimbo zenu zina wenyewe."

Sijapata kuchomwa na neno la mtu kama nilivyochomwa na neno la mgeni yule, na alikuwa akinisifu. Mwezi haukwisha, ukaandika barua yako ya koleji, ukatusomea, ukafika kwenye vizazi saba, baba'ko akapiga paja kwa kujivuna. Nami nikasema mashallah.

Basi Jumatano iliyopita, ile siku niliyosema nakwenda kumzuru mgonjwa, nilikwenda Kisauni. Nilimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi nje ya mlango, anakuna nazi kwa kupapasa, maana macho yamekwisha. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika nikajikuta nasema, "Shikamoo, Bi Majuma."

Lazima ufahamu. Ana umri wa mama yangu, na sikuwahi kumwamkia hivyo maisha yangu yote. Kwetu yeye ndiye aliyekuwa akituamkia sisi, hata mimi nikiwa sijaota meno yote ya ukubwani, nami nikajibu marahaba. Tulilelewa hivyo tukaona ni kama jua kutoka.

Mkono wake ukasimama kwenye nazi. Akageuza uso kunifuata sauti. "Marahaba," akasema. Kisha: "Feri ilichelewa?"

Nilicheka nikilia, nikakaa chini mchangani na buibui langu. Nikamwambia yote, ya redio, ya Bwana Joni, ya barua yako. Nilipokuwa nazunguka nikitafuta neno jepesi, akanikatiza. "Mwanaidi, kwani wadhani sikusikia siku ile? Macho ndiyo yaliyokufa, na yamekufa juzi. Masikio nilikuwa nayo."

"Nisamehe, Bi."

"Nimekusamehe zamani, nilikuwa sina kazi nyingine." Akaendelea kukuna nazi. "Lakini nilikuwa nikikungoja. Kukusamehe ni jambo moja na kukungoja ni jingine."

Nikamwambia nitakuagiza umtaje yeye. Akatikisa kichwa. "Mimi? Mimi sikutunga kitu. Nilipewa kama nilivyokupa. Wimbo ni wa mama. Aliutunga njiani, wanatembezwa, mzigo kichwani, na Kiswahili chenyewe hakijui vizuri; nyinyi ndio mliokuja mkakinyoosha. Hiyo shingo mnayoimba nyinyi ya mikufu, ni shingo ya mtoto."

Nikamuuliza mama yake aliitwa nani, maana sisi tukimjua kwa jina la Faida.

"Faida ni jina alilopewa na baba wa bibi yako aliponunuliwa. Jina alilokuja nalo ni Nambewe. Usiku akitulaza alikuwa akijiambia mwenyewe, Nambewe, Nambewe, asilipoteze." Kisha akanishika mkono, mkono wake umejaa nazi. "Na huyo mtoto, huko anakokwenda ndiko walikopelekwa wale wengine, waliovushwa bahari?"

"Ndiko, Bi. Bwana Joni ni mjukuu wao."

"Basi asiimbe nusu. Wao watajua kama umekatwa."

Ubeti nilioukata ni huu. Nimeuandika mara nne pembeni kabla ya kuutia hapa, nisikosee:

Kwetu nimemwacha mama,
hakujua nikipita.
Mkimwona mwambieni
jina langu hujiita.

Huo ndio mwisho wake, Salim. Siku yako ikifika, waimbie wote. Na ukieleza asili yake, waambie ulitungwa na mtoto wa kike aliyeitwa Nambewe, akampa bintiye Majuma, Majuma akampa Mwanaidi bila ya kudaiwa, na Mwanaidi akajitia kuwa ndiye mwenye wimbo. Usinistiri. Najua utataka, wewe ni mtoto mwema, utasema mama yangu alisahau. Sikusahau.

Ile tabia ya mkono wako ya kuchelewa unapopiga gitaa, ambayo umezoea kusema umeipata kwenye santuri za mabaharia, nadhani uliipata mapajani kwangu ukilala nikifanya mazoezi. Labda kwa mama yake mdogo Bwana Joni ilifika kwa njia hiyo hiyo, labda sivyo, mimi sina elimu ya kujua. Wewe unayo. Ukikaa na vijana wa huko wanaopiga na kusifiwa, wasikilize, ni vizuri. Kisha waulize ni nani aliyekuwa akifua au kupika walipokuwa wakijifunza. Ukiweza, nenda umwone mwanamke huyo mwenyewe, na ukifika umwamkie kama unavyowaamkia wakubwa wa nyumbani.

Siku hizi mikutanoni wanasema uhuru unakuja na sote tutakuwa sawa, na mimi napiga makofi pamoja na wenzangu. Kila nikipiga makofi namkumbuka mwanamke aliyekaa karibu na mlango.

Ijumaa kuna harusi hapa Timbwani. Nimempeleka mtu Kisauni amlete Bi Majuma, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba akae kiti cha mbele na sio karibu na mlango. Kabla hatujainua pembe nitawaambia wanawake yale niliyokwambia. Shangazi zako watanuna. Dada yake Bi Mwanaisha huenda akatoka, na wengine wakamfuata, na kundi nililoliongoza tangu kiongozi wetu afe likavunjika mikononi mwangu. Baba'ko nitamwambia leo baada ya isha, kabla hajayasikia msikitini. Nimelichelewesha vya kutosha. Niombee.

Kinyozi amemaliza, nakusikia unauliza kioo kiwapi. Kipo hapa, nimekikalia, nilikificha usije ukaingia chumbani ukanikuta nikiandika. Nitakuletea sasa hivi.

Ukishaimba, usikae. Niandikie upesi, hata ukurasa mmoja, unieleze ulisema nini na watu walipokea vipi. Jina la Nambewe uliandike kwa herufi kubwa na za wazi, kwa sababu barua hiyo sitaisoma peke yangu. Nitavuka nayo mpaka Kisauni nimsomee mwenyewe aliyekaa akiingoja, na umri wake si wa kungojeshwa posta. Nijibu upesi, baba.

Mamako akupendaye,
Mwanaidi
Timbwani, Likoni